Kigogo Hana Jina, Bibi Anatajwa Hadi Mtaa

Ninauza magazeti hapa Tabora mjini, jirani na soko kuu, na kwa kuwa meza ya magazeti ni baraza la watu wote, nimeyasikia majina yote wanayopewa wale wanaoandika na kuchapa magazeti ya udaku. Magazeti yenyewe huitwa makaratasi ya kufungia vitumbua. Huitwa magazeti ya wambeya, ya watu wasio na kazi, ya kina mama wa saluni. Waandishi wake huitwa makanjanja na wachumia tumbo. Wenye magazeti hayo nao wamejitafutia jina la heshima, magazeti pendwa, ingawa mezani kwangu sijawahi kumsikia mteja akilitamka. Sina nia ya kuyatetea. Ninachotaka kusema ni kwamba matusi tunayoyarushia magazeti haya hayalengi kosa lao lenyewe, na kwa kuwa hayalilengi, kosa hilo linaendelea kufanywa mchana kweupe, tena hata na magazeti ambayo hakuna anayethubutu kuyaita ya udaku.

Magazeti ya Dar es Salaam hutufikia kwa basi baada ya safari ya zaidi ya kilomita 800, na vichwa vya habari huwa vimekwishasomwa redioni tangu asubuhi, kwa hiyo mteja wa Tabora huja mezani akijua anachokitaka. Mtumishi wa ofisi hutaja kwa sauti jina la gazeti makini, kisha husogea karibu na kusema taratibu, "Mama, na lile jingine litie katikati." Nimekwishazoea kulikunja la udaku ndani ya lile makini, wino mwekundu ukabaki kwa ndani. Wanaonunua hivyo ndio hao hao ambao wakipita hapa na wenzao huyaita makaratasi ya vitumbua. Sisemi haya ili kumuumbua mtu. Nasema kwa sababu tusi linalotamkwa hadharani na watu wanaonunua kwa siri haliwezi kumrekebisha mhariri yeyote. Mhariri hahesabu matusi, anahesabu nakala zilizouzwa na marejesho yaliyorudi.

Tusi lenyewe, ukilichunguza, hupiga mahali pawili. Kwanza hupiga aina ya habari, yaani mapenzi, ndoa, wasanii, uchawi na fumanizi, kana kwamba mambo hayo kwa asili yake hayafai kuandikwa. Pili humpiga msomaji, na hasa msomaji mwanamke. Ukisema gazeti la wambeya, kila mtu mezani anaelewa kwamba unamaanisha wanawake, ilhali wanunuzi wangu wakubwa wa habari za fumanizi ni wanaume: waendesha bodaboda, makondakta, walimu, watumishi. Hao hao hununua kurasa za michezo zilizojaa tetesi za usajili, kwamba mshambuliaji fulani kutoka nje anatua Jangwani kwa Yanga au ameonekana Msimbazi kwa Simba usiku, na tetesi hizo zisipotimia, zikafuatwa na nyingine ambazo nazo hazitimii, hakuna anayesema kwamba wanaume wa Tabora ni wambeya. Huitwa wapenzi wa michezo. Kwa hiyo neno hilo, kabla halijamgusa mwandishi mwongo, limekwishamdharau mama anayesukwa nywele saluni, ambaye hakuandika chochote.

Kosa lenyewe liko wapi? Nalionyesha kwa ukurasa mmoja wa mbele ambao nimeuona kwa macho yangu, bila kulitaja gazeti.

Juu kabisa, kwa herufi nyekundu, kulikuwa na kichwa kilichosema kwamba kigogo amenaswa gesti na mke wa mtu. Chini yake kulikuwa na picha ya kivuli cha mwanamume, chenye alama kubwa ya kuuliza mahali pa uso. Ndani, habari ilijaa maelezo ya shuka, simu na kelele za koridoni, lakini jina la kigogo halikuwapo, wala cheo chake, wala wizara yake, wala mji ilipo gesti hiyo. Kushoto, kwa herufi za njano, kulikuwa na kichwa kingine: mchawi adondoka na ungo Tabora. Hapo hapakuwa na kivuli. Palikuwa na picha ya bibi wa zaidi ya miaka 70, ameketi chini uani kwa watu, amefunikwa khanga ya kuazimwa, macho yakiitazama kamera. Jina lake liliandikwa kamili, pamoja na jina la mtaa wake, na habari ikaeleza hata nyumba ya binti yake iko upande gani wa kisima.

Bibi huyo alikuwa akifahamika kwa majirani wote. Kumbukumbu zake zilikuwa zimeanza kupotea, na mara nyingi alitoka nje akitafuta shamba ambalo familia yake ilikwishaliuza zamani. Usiku ule alitoka bila mtu kumsikia, akatembea, nguo zikamvuka njiani, na alfajiri akakutwa uani kwa watu asiowafahamu. Umati ulikusanyika, mmoja akatamka neno ungo, simu zikatolewa, na mwandishi akafika kabla ya binti. Habari yote ilisimamia maneno ya mashuhuda. Hakukuwa na sentensi hata moja ya binti yake, wala ya mganga mfawidhi wa zahanati, wala ya mtu yeyote aliyewahi kuishi naye.

Anayeishi mikoa yetu anajua uzito wa jambo hilo. Shinyanga, Mwanza na Tabora zimebeba kwa miongo kadhaa sifa mbaya ya mauaji ya vikongwe, na wengi wa wanawake waliouawa kwa mapanga walituhumiwa uchawi kwa sababu ya umri, ujane, ugomvi wa mashamba, au macho mekundu yaliyotokana na maisha marefu ya kupika kwa moshi. Katika mazingira hayo, kuchapa jina la kikongwe, mtaa wake na upande ilipo nyumba, chini ya neno mchawi, ni kumweka mahali ambapo mtu yeyote mwenye panga anaweza kumfikia. Binti yake alikuja mezani kwangu jioni ile ile, akauliza zimebaki nakala ngapi, akazichukua zote, na baada ya muda si mrefu alimhamishia mama yake Urambo kwa ndugu. Wakala alinidai fedha za nakala zile, kwa sababu kwake nakala isiyorudi ni nakala iliyouzwa.

Siku hiyo hiyo alikuwa amesimama mezani mzee mmoja mstaafu wa reli, mtu mwenye heshima zake, aliyejifunza kusoma magazeti kwa Kiongozi, lile gazeti la Kanisa Katoliki lililokuwa likichapwa hapa hapa Tabora. Aliniambia, "Mwanangu, unawezaje kuuza uchafu huu mbele ya watoto?" Nikamwuliza, "Shikamoo mzee wangu. Uchafu ni upi hapo?" Akaelekeza kidole kwenye pembe ya chini ya ukurasa, kwenye picha ndogo ya mwanamuziki anayembusu mpenzi wake jukwaani. Picha ya bibi, iliyokuwa kubwa mara nne kuliko hiyo, hakuiona kuwa uchafu. Mzee yule si mtu mbaya, na huruma anayo, lakini tusi la udaku lilikuwa limemfundisha kutafuta aibu kwenye busu, na kwa hiyo jicho lake likapita juu ya mwanamke ambaye maisha yake yalikuwa yamewekwa rehani.

Kwa nini kigogo alifichwa na bibi akaanikwa? Sababu inaeleweka na kila mtu katika biashara hii. Kigogo ana wakili. Kigogo akishtaki kwa kashfa, gazeti linaweza kulipa fidia itakayolifilisi, na rafiki za kigogo wanaweza kuondoa matangazo. Bibi hana wakili, binti yake hajui pa kwenda, na mtaani kwake kulalamika ni kuwakumbusha watu habari waliyoanza kuisahau. Hivyo mhariri hupima si ukweli wa habari bali uwezo wa mtajwa kujibu. Zaidi ya hayo, habari ya kigogo asiye na jina haiwezi kukanushwa na mtu yeyote, kwa sababu hakuna aliyetajwa, na mwandishi anaweza kuitunga yote akiwa ameketi chini ya mwembe. Huo ndio uovu ninaoulaani, na siuoni ukiguswa na maneno udaku, umbea au kanjanja.

Wala haumo kwenye magazeti ya rangi peke yake. Tazama jinsi magazeti makini na vituo vya televisheni vinavyoripoti misako ya polisi dhidi ya wanawake wanaoitwa changudoa. Wanawake hupangwa mstari, wakijificha nyuso kwa mikono na mitandio, kamera zikiwafuata hadi ndani ya gari, kabla hakimu hajasema neno. Wateja wao wanaume hawapo pichani. Habari huandikwa kwa Kiswahili kizuri, ikiwa na jina la kamanda na idadi ya waliokamatwa, na kwa kuwa imeandikwa hivyo, hakuna anayeiita udaku. Mimi naiona kuwa ndugu wa habari ya ungo, wa baba mmoja na mama mmoja.

Matusi ya namna hii yana historia ndefu nje ya kwetu. Huko New York, Joseph Pulitzer alilinunua gazeti la World mwaka 1883, na William Randolph Hearst akalinunua Journal mwaka 1895, wakaanza kupigania wasomaji kwa vichwa vikubwa vya habari, mauaji, kashfa na katuni. Katuni moja ilikuwa ya mtoto aliyevaa kanzu ya njano, na magazeti yote mawili yakawa yanaichapa baada ya Hearst kumvuta mchoraji wake kutoka kwa Pulitzer. Washindani wao wakayabandika jina la uandishi wa njano, na hadi leo jina hilo limebaki. Tarehe 15 Februari 1898 meli ya kivita ya Marekani, Maine, ililipuka katika bandari ya Havana, Cuba, iliyokuwa koloni la Hispania, na kuua mabaharia zaidi ya 260. Gazeti la Hearst likawaelekezea Wahispania kidole bila ushahidi, na kufikia Aprili nchi hizo mbili zilikuwa vitani. Uchunguzi wa wataalamu wa jeshi la majini la Marekani uliochapishwa mwaka 1976 ulieleza kuwa chanzo kinachoelekea zaidi ni moto wa makaa ya mawe ndani ya meli yenyewe.

Katika kisa hicho kuna jambo linalonishughulisha sana. Inasimuliwa kila mahali kwamba Hearst alimpelekea mchoraji wake mwingine, aliyekuwa Cuba, telegramu akimwambia alete picha tu, vita ataileta yeye. Telegramu hiyo haijawahi kuonekana, na Hearst mwenyewe alikana kuituma. Maana yake ni kwamba watu waliolilaani gazeti la Hearst kwa kuchapa mambo bila ushahidi wamekuwa wakieneza, kwa zaidi ya karne, habari tamu isiyo na ushahidi. Mdharau udaku naye huwa hodari wa udaku pale unapomhusu mtu asiyempenda. Na Pulitzer, aliyeitwa mnjano pamoja na mwenzake, ndiye ambaye jina lake leo linabebwa na tuzo kubwa kuliko zote za uandishi wa habari Marekani, zinazotolewa tangu mwaka 1917.

Wakati mwingine tusi huwaangukia wakweli hasa. Aprili 1906 rais wa Marekani, Theodore Roosevelt, aliwafananisha waandishi waliokuwa wakifichua uozo wa makampuni na wanasiasa na mtu aliyeshika reki ya samadi, ambaye hainui kichwa kutazama juu. Miongoni mwa waandishi wa kundi hilo alikuwa Ida Tarbell, aliyekwishaandika kwa kina jinsi kampuni ya mafuta ya Standard Oil ilivyowakaba washindani wake. Mwaka 1911 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamuru kampuni hiyo ivunjwe. Hapa kwetu pia nimewasikia viongozi wakiulizwa jambo zito la fedha za umma wakajibu kwamba hawajibu habari za udaku, na swali likafia hapo hapo. Tusi letu limewapa wakubwa mlango wa kutokea.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa Liverpool, na vijana wa hapa wanaovaa jezi nyekundu kwenye vibanda umiza wangefaa kuujua. Tarehe 15 Aprili 1989 mashabiki wa Liverpool walibanwa kwenye uwanja wa Hillsborough mjini Sheffield, na waliopoteza maisha kutokana na mkasa huo wamefikia 97. Siku nne baadaye gazeti la The Sun lilichapa ukurasa wa mbele wenye kichwa kinachosema Ukweli, likidai kuwa mashabiki waliwaibia maiti na kuwakojolea polisi. Maneno hayo yalitokana na maafisa wa polisi na mbunge mmoja, na magazeti mengine pia yalichapa tuhuma za aina hiyo, lakini ni The Sun lililoziita ukweli. Lilikuja kuomba radhi kikamilifu mwaka 2012, na mwaka 2016 wazee wa baraza waliamua kwamba waliofariki waliuawa isivyo halali na kwamba mashabiki hawakuwa na hatia. Wauza magazeti wengi wa Liverpool hawaliweki mezani gazeti hilo hadi leo.

Kinachonigusa ni namna walivyolichagua la kuadhibu. Hawakususia magazeti ya udaku kwa ujumla, kwani waliendelea kununua mengine ya aina hiyo hiyo, yenye picha kubwa na habari za wasanii. Walisusia gazeti moja kwa kosa moja linaloweza kutajwa: mliwasingizia wafu wetu, na hamkutuuliza.

Ushahidi kwamba aina ya habari si kosa tunao hapa nyumbani. Mwaka 2008, mauaji ya watu wenye ualbino yalipokuwa yamepamba moto katika Kanda ya Ziwa na mikoa jirani, Vicky Ntetema, aliyekuwa mwandishi wa BBC nchini, alijifanya mfanyabiashara anayetafuta utajiri, akaenda kwa waganga na kuwasikia wakieleza wanachoweza kumpatia. Ni habari ya uchawi, waganga na viungo vya binadamu, yaani malighafi ile ile ya gazeti la ungo. Lakini yeye aliwaanika wauaji na wafanyabiashara wao, si walioumizwa, na kwa kazi hiyo alitishiwa maisha hadi akalazimika kujificha. Wakati huo huo kulikuwa na habari zilizorudia rudia bei ya kiungo cha binadamu kwenye kichwa cha habari, hata ikawa kama tangazo la biashara kwa mwenye tamaa. Habari hizo mbili zilihusu jambo moja. Neno udaku haliwezi kuzitenganisha, na swali la nani ametajwa na nani amefichwa linazitenganisha mara moja.

Kuhusu makanjanja nitasema machache. Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 iliweka utaratibu wa ithibati na elimu kwa waandishi, na sina ugomvi na elimu. Lakini waandishi wengi wa mikoani ninaowafahamu hawana mshahara, wanalipwa kwa habari iliyochapwa, wanajilipia nauli ya kwenda Sikonge au Kaliua, na habari ya mpango wa maji wa kata haichapwi. Habari ya ungo huchapwa siku hiyo hiyo. Mhariri wa Dar es Salaam aliyeweka bei hizo haitwi kanjanja na mtu yeyote.

Siku hizi meza yangu imepungua nakala, kwa maana ungo umehamia kwenye simu, na picha ya kikongwe husambaa kabla basi halijavuka Dodoma. Huko nako ni vivyo hivyo: msanii mwenye wanasheria hutajwa kwa herufi mbili za mwanzo na vinyota, na dada wa kazi aliyeshukiwa wizi hutajwa jina, kabila na kijiji.

Baraza la Habari Tanzania, lililoundwa mwaka 1995, hupokea malalamiko ya wananchi dhidi ya vyombo vya habari na kusuluhisha. Nimeweka anwani yake kwenye kadi iliyobandikwa pembeni mwa meza, na mteja akiniletea gazeti lililomtaja ndugu yake isivyostahili, namsaidia kuandika barua, tukitaja tarehe, ukurasa na sentensi yenyewe, bila neno udaku hata mara moja, kwa sababu mhariri akiliona neno hilo hujibu kwamba wasomaji wake ndivyo wanavyopenda. Gazeti linalochapa sura ya kikongwe chini ya neno mchawi silianiki tena. Mteja akiliulizia namweleza sababu. Wapo wanaoondoka wamenuna wakanunue kwa jirani, na wapo wanaobaki tukabishana hadi basi la Nzega litakapopiga honi, akiwemo yule mzee wa reli, ambaye bado anasisitiza kwamba ningeanza kwa kuliondoa lile busu.